Handaki la Sentimita Mbili

Treni ya Mpanda iliniteremsha kituo cha Ugalla kabla jua halijachomoza, nikiwa na begi la nguo, kompyuta, na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani. Boksi hilo nilikuwa nimelipakata tangu Tabora. Abiria mwenzangu, mama mmoja aliyekuwa na madumu ya mafuta ya kula, alivumilia mpaka Kaliua, ndipo akaniuliza nimebeba nini hata nisikiweke chini.

"Askari, mama," nikamjibu.

Akacheka, akidhani namtania. Nikafungua kifuniko. Akaona watu wa plastiki wenye urefu wa sentimita mbili na ushee, wa rangi ya kijivu, wamelazwa juu ya pamba na bunduki zao.

"Na kusoma kote huko," akasema, "bado unacheza?"

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu wakati huo ilikuwa juu ya mbinu za mapigano katika Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki. Askari wale si wangu. Ni wa rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli, ambaye kaka yake anaishi Uingereza na humtumia vifaa vya mchezo wa vita vya mezani. Wachezaji hujenga uwanja mdogo wa mapambano wenye vilima, miti, nyumba na mahandaki, wakapaka rangi kila kitu, kisha wakapigana kwa rula na dadu. Rula hupima umbali ambao kikosi kinaweza kwenda, dadu huamua nani amepigwa. Rafiki yangu aliniambia: kama kweli unataka kulielewa pigano, lijenge. Nikaazima askari arobaini, nikaenda nao likizo kwa babu.

Mchezo huu si wa kitoto kama yule mama alivyodhani. Mwaka 1812 Mprussia mmoja, Georg Leopold von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake meza iliyofanana na kabati kubwa. Ndani ya droo zake mlikuwa na vigae vilivyochorwa mito, misitu na barabara, vya kupangwa upya kila mara ili kuunda ardhi mpya. Mwanawe akaboresha kanuni na kuzichapisha mwaka 1824, na jeshi la Prussia likaupokea mchezo kama shule ya maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupigana kwa vijeshi vya kuchezea sakafuni, kiitwacho Little Wars. Yeye alichukia vita, akaona afadhali watu wamalizie hamu yao kwa vijeshi vya bati. Mwaka mmoja baadaye vita vya kweli vikaanza. Na jeshi lililoulea mchezo wa mezani ndilo lililomlea Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika nchi yetu.

Nilichagua kujenga Salaita. Ni kilima kidogo upande wa Kenya, karibu na Taveta, ambako Wajerumani walikuwa wamejichimbia tangu walipoiteka Taveta mwaka 1914. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia wakiwa na brigedi ya Afrika Kusini iliyokuwa haijawahi kupigana Afrika Mashariki. Mizinga yao ilikitwanga kilele, lakini mahandaki yenyewe yalikuwa chini, penye kitako cha kilima, yamefichwa vichakani. Waliposogea wakakutana na risasi kutoka mahali ambapo hawakutarajia mtu. Walirudi nyuma kwa vurugu, na kikosi cha Wabaluchi kutoka India, ambao baadhi ya Waafrika Kusini weupe walikuwa wakiwadharau, ndicho kilichowakinga. Hakuna pigano lililofaa zaidi kwa hoja yangu. Mahali handaki lilipochimbwa ndipo palipoamua siku ile.

Babu anaishi mwendo wa dakika chache kutoka relini. Alifanya kazi ya gangi kwenye njia hii hii ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, na alipostaafu akabaki na mizinga ya nyuki porini. Nilipomwomba meza, alitoa mlango wa zamani, akaulaza juu ya mapipa mawili barazani. Urefu mita mbili, upana sentimita themanini. Askari wangu ni wa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, kwa hiyo mlango ule ulikuwa sawa na uwanja wa mita 144 kwa mita 58 hivi. Kilima kizima cha Salaita hakiingii hapo. Niliamua kujenga kipande kimoja tu cha handaki na vichaka vilivyo mbele yake.

Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba huwezi kuchimba meza. Handaki lenye kina cha mita moja na nusu linakuwa sentimita mbili kwa kipimo hicho, na hizo sentimita mbili huna pa kuzitolea. Inabidi uinue dunia nzima inayolizunguka. Nilikata lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni, nikalipanga juu ya mlango kwa gundi ya mbao, nikiacha mfereji katikati. Mfereji haunyooki. Handaki la kweli hukatwa kwa kona kona, ili adui akiingia mwanzoni asiweze kupiga risasi hadi mwisho, na bomu likiangukia kipande kimoja lisiue walio kipande cha pili. Kingo nilizizuia kwa vijiti vya mishikaki. Magunia ya mchanga niliyafinyanga kwa udongo, punje kwa punje, nikayakandamiza kidogo katikati ili yaonekane yana uzito.

Kisha udongo. Picha nyingi za mahandaki tulizozizoea ni za Ufaransa, tope hadi kiunoni na miti iliyokatika vichwa. Nusura nami nipake rangi ya tope kwa mazoea ya sinema. Lakini nchi ya Taveta Februari ni kavu, na vumbi lake jekundu. Babu akaniletea udongo wa kichuguu, tukautwanga, tukauchekecha kwa chandarua chakavu, tukaunyunyiza juu ya gundi mbichi. Ulipokauka nikaupaka rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi ili iingie mashimoni na kuacha kivuli, halafu nikapitisha juu yake brashi kavu yenye rangi hafifu ya kaki, ikishika pale tu palipoinuka. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yakawa majani makavu ya porini. Vichaka vilitokana na sponji ya kuoshea vyombo, iliyochanwa na kuchovywa rangi ya kijani iliyochakaa. Miiba ilikuwa miiba yenyewe.

Nilipokuwa nikifanya kazi hiyo nilikuwa nikilifikiria neno. "Handaki" limetufikia kutoka Kiarabu, na kila aliyepita madrasa anajua Vita vya Handaki vya mwaka wa tano wa Hijria, Salman Mfarisi aliposhauri Madina ichimbiwe mtaro ili farasi wa Makka wasipite. Na sisi wa magharibi ya Tanzania hatukungoja Mjerumani atufundishe kujikinga. Katika karne ya 19, wakati wa Mirambo wa Urambo na watawala wengine waliogombea njia za misafara, vijiji vingi vya Unyamwezi vilizungushiwa boma la magogo na ua wa minyaa, na vingine vilichimbiwa mtaro nje. Isike wa Unyanyembe alijifungia ndani ya ngome yake karibu na Tabora. Wajerumani walipoivunja Januari 1893, aliilipua ghala ya baruti akiwa humo ndani. Yote hayo niliyaandika katika daftari kama dibaji nzuri ya sura yangu ya pili. Nilijiona nimefika.

Siku ya nne nilipanga askari. Wajerumani wachache wenye kofia pana, askari Waafrika wenye kofia zenye kitambaa cha kufunika shingo, bunduki mbili za rashasha. Wengi wa askari wale wa kweli walitoka Unyamwezi, Usukuma na kwa Wamanyema. Ni jamaa zetu waliokuwa ndani ya lile handaki. Nikamwita Babu aone. Aliinama muda mrefu. Akaligusa gunia moja la mchanga kwa ukucha.

"Umejenga vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Hawa wanakula nini?"

Nikamwambia kwamba katika mchezo hawali.

"Na risasi hizi wamezipataje huku porini?"

"Wamebebewa, Babu."

"Nani kawabebea? Simwoni."

Nikaenda kufungua boksi, kana kwamba nilikuwa nimewasahau humo. Kulikuwa na ofisa wa akiba, farasi wawili na mpiga tarumbeta. Mpagazi hakuwemo.

Babu alijua anachouliza. Baba yake alikuwa mpagazi wa vita ile. Mwaka 1916, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, askari wake wengi wakiwa Wakongo, liliingia kutoka magharibi chini ya Jenerali Tombeur. Kigoma ilianguka mwishoni mwa Julai. Brigedi ya Olsen ikaja kwa kufuata njia ya reli, Wajerumani wa Jenerali Wahle wakirudi nyuma na kubomoa madaraja, wakapigana Usoke na Lulanguru, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Hayo nilikuwa nayo kwenye kompyuta, na tarehe zake. Babu alikuwa na sehemu nyingine. Baba yake, kijana wa miaka kumi na minane hivi, alikamatwa kwanza na watu wa Mjerumani, akabebeshwa mtama. Akatoroka usiku. Mwezi haukuisha, akakamatwa na watu wa Mbelgiji, akabebeshwa sanduku la risasi.

"Mzee alikuwa akisema mzigo ulikuwa ule ule," Babu akaniambia. "Aliyebadilika ni nyampara."

Alirudi baada ya miaka miwili akiwa na nundu begani ambayo haikuondoka hadi anakufa. Wenzake wanne aliochukuliwa nao kijijini hawakurudi. Babu aliwahi kuyajua majina yao wote wanne. Jioni ile alikumbuka mawili.

Usiku nilikaa na daftari na kibatari, nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya miezi sita kabla. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Mtu anayetembea kutwa anahitaji kama kilo moja ya nafaka kwa siku. Tuseme amebeba chakula, na kikosi kiko mwendo wa siku kumi. Akienda atakula kilo kumi, akirudi kumi. Katika kilo 25 alizotoka nazo, zinazomfikia askari ni tano. Kikosi kikisogea mbele siku mbili na nusu tu zaidi, mpagazi hafikishi kitu. Anabeba chakula chake mwenyewe. Ili kuusogeza mstari ule mbele unahitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi.

Kwa nini wasitumie ng'ombe na farasi? Walijaribu, na wanyama wakafa kwa maelfu. Mtu wa Ugalla haulizi mara mbili sababu yake. Pori letu la miyombo lina mbung'o, na mfugaji yeyote wa huku anajua mdudu yule anavyofanya. Magari yalikwama masika, reli ilikuwa na njia zake chache. Kilichobaki ni kichwa cha mtu na ngata juu yake. Ndiyo maana Waingereza waliandikisha, kwa hiari na zaidi kwa nguvu, watu wanaokadiriwa kufika milioni moja katika vita ile, na makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Upande wa Wabelgiji hutajwa wapagazi 260,000. Vijiji vilibaki bila wa kulima. Ramani ya vita ile huonyesha mishale ya majeshi. Kila mshale ulipita juu ya mabega ya watu.

Asubuhi nikamweleza Babu nia yangu. Nilitaka kuwaweka wapagazi kwa kipimo kile kile cha askari, bila kupunguza, nione wanafika wapi. Tuanze na wapagazi elfu moja, msafara mdogo kwa vita ile, kila mmoja mita mbili nyuma ya mwenzake. Huo ni msafara wa kilomita mbili. Ukigawa kwa sabini na mbili unapata mita 28 na kitu pungufu. Tusingeweza kufinyanga watu elfu, kwa hiyo Babu akaleta mahindi kwenye ungo.

Tulianzia nyuma ya handaki, pale ambapo mlango unaishia. Punje moja, vidole viwili, punje nyingine. Msafara ulishuka kwenye nguzo ya baraza, ukapita mbele ya jiko, ukazunguka kisima cha maji ya mvua, ukaelekea mwembeni. Mgongo ukaniuma nilipofika punje ya mia mbili. Watoto wa jirani wakaja kusaidia na kuuliza maswali, na Babu akawajibu kwa utulivu kwamba hawa ni wababu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akisogea nacho, akihesabu kwa sauti ndogo. Kwenye punje mia nne na kitu alisimama, akainua moja, akaiangalia.

"Huyu anaweza kuwa mzee," akasema, akairudisha mahali pake.

Tulipofika mwembeni tulikuwa hatujamaliza. Punje za mwisho zilifika karibu na ukingo wa njia iendayo relini. Nikarudi barazani, nikageuka. Handaki langu la siku nne, na kona zake, na magunia yake, lilikuwa kitu kidogo upande mmoja wa ua. Vita vyenyewe vilikuwa ule mstari wa njano uliolala vumbini. Nikapiga picha tatu, na picha zote hazikuweza kuuonyesha mwanzo na mwisho wake pamoja.

Ndipo kuku wakatoka nyuma ya jiko. Watoto wakapiga kelele, mimi nikakimbia na ufagio, lakini kuku kumi na tano ni wengi. Walianza katikati ya msafara. Babu alicheka mpaka akashika kifua, kisha akanyamaza.

"Waache," akasema. "Hata wale waliisha hivyo hivyo. Huku mmoja, kule wawili. Mbele hawajui kwamba nyuma hakuna watu."

Nilikaa chini barazani, nikawaangalia kuku wakila.

Pale Dar es Salaam, mtaa wa Samora, kuna Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Nimepita chini yake mara nyingi nikiwahi daladala. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ya jiwe ni mwenye bunduki na singe. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kariakoo, ambako tunanunua simu na vitenge. Jina hilo ni la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Nairobi nako kuna Kariokor. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Niliisoma ripoti ile ilipotoka. Nilikuwa nimeiweka katika faili niliyoiita "mengineyo."

Simlaumu rafiki yangu wala mchezo wake. Bila meza ile nisingeulizwa swali lile. Ukijenga kwa mikono unalazimika kujua kila kitu kinakaa wapi, na ndivyo unavyogundua kisichokuwepo. Ninachojilaumu ni kwamba nilikuwa mwaka wa pili wa masomo, nimesoma vitabu vya majenerali wa pande tatu, na mtu aliyeketi kwenye kigoda nyumbani kwetu sikuwa nimemuuliza hata mara moja.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia msimamizi wangu kwamba ninabadilisha mada. Sura ya mahandaki itabaki, lakini itakuwa fupi. Tasnifu itahusu wapagazi wa Ugalla na Unyamwezi mwaka 1916 na 1917, na itaanza kwa kuwahoji wazee wachache waliobaki ambao baba zao walibeba. Babu ni wa kwanza kwenye orodha. Nilimrekodi saa tatu kwa simu, tukiwa chini ya mwembe, treni ikipita mara moja na kutulazimisha kunyamaza. Jina la tatu alilikumbuka siku ya mwisho, nikifunga begi. La nne bado. Ananipigia simu mara kwa mara kunieleza kwamba linaanzia na "Ka," kisha anasema hapana, nisubiri.

Handaki nililiacha kwenye mlango wake barazani. Nimeambiwa sasa linatumika kuanikia dagaa. Askari nilimrudishia rafiki yangu wote arobaini, na ndani ya boksi, juu ya pamba, nikamwekea punje ya mahindi. Alinipigia kuniuliza ni ya nini. Nilimwambia aipake rangi.